Saratani ya damu kwa mtoto: imani hujaribiwa siku anapoonekana amepona

GISIMENTI, KIGALI – Katika njia panda ya Gisimenti, mtaani Remera, mfanyabiashara aliyetoka Goma, Kampala au Bujumbura hupata karibu kila anachohitaji kwa usiku mmoja: chumba cha kulala, mishikaki, mahali pa kubadilisha fedha, na stendi ya Remera ya kumpeleka mbele alfajiri. Barabara moja kutoka hapo hupita Giporoso na kuelekea uwanja wa ndege na Hospitali ya Jeshi la Rwanda, Kanombe, ambako mashine za mionzi ya kutibu saratani zilianza kazi mwaka 2019. Upande wa Uwanja wa Amahoro lipo Kanisa Katoliki la Regina Pacis, na nyumba za ibada za madhehebu mengine haziko mbali.

Mzazi mwenye mtoto anayeugua saratani ya damu huzijua njia zote mbili, ya hospitali na ya ibada. Mara nyingi ndugu na majirani humtaka achague: je, anamwamini Mungu au anawaamini madaktari? Lakini ukifuatilia historia ya tiba ya ugonjwa huu, kuanzia Boston hadi Kampala na kutoka Kampala hadi milima ya Burera, utakuta familia ambazo hazikuchagua. Walisali na walitia saini. Ni kwa saini zao, pale dawa zilipokuwa bado za majaribio, kwamba leo kuna tiba ya kumpa mtoto.

Kwa familia ya mfanyabiashara wa mpakani, hatari kubwa haiko siku mtoto anapozidiwa. Siku hiyo kila mtu hukimbia, kila mtu husali, kila mtu huchanga. Hatari iko wiki kadhaa baadaye, mtoto anaponenepa, anapocheka na kutaka kurudi shule.

Wiki ya tano

Saratani ya damu, yaani lukemia, huanzia ndani ya uboho, mahali mwili unapotengenezea damu. Chembe nyeupe changa huacha kukomaa, huzaana ovyo na kuzibana chembe nyingine. Mtoto hupungukiwa damu, viganja vyake hupauka. Homa haziishi. Pua au fizi hutoka damu, ngozi hupata alama kama za kupigwa, tezi huvimba, mifupa huuma hadi hataki kutembea. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria, na maumivu ya mifupa hufanana na ya selimundu, ni rahisi mtoto kumaliza dozi mbili tatu za malaria kabla mtu hajafikiri kuipima damu kwa undani.

Aina inayowapata watoto zaidi ni lukemia kali ya chembe za limfu. Mwezi wa kwanza wa tiba huwa mzito: vinkristini kwenye mshipa, vidonge vya prednisoloni au ndugu yake, pamoja na dawa nyingine kadiri hospitali ilivyo nazo. Uso wa mtoto huvimba, njaa humshika hata usiku wa manane, nywele hudondoka. Kisha, dawa zikifanya kazi, baada ya takriban wiki nne daktari huchukua tena uboho na kuutazama kwa hadubini. Chembe mbaya hazionekani.

Hali hiyo madaktari huiita nafuu. Hawaiiti kupona. Wanajua kwamba chembe zisizoonekana kwa hadubini bado zimo, nyingine zimejificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa za kwenye mshipa hufika kwa shida. Ndiyo maana mtoto huendelea kuchomwa sindano ya mgongoni, ile ambayo wazazi wengi huiogopa kwa kuambiwa kwamba italemaza. Ndiyo maana pia hufuata miezi ya dawa nyingine, halafu kipindi kirefu cha vidonge vya nyumbani: merkaptopurini kila siku, metotreksati kila wiki. Safari nzima huchukua miaka miwili hadi mitatu.

Chukua mfano wa mama anayeuza vitenge kati ya Goma na Kigali. Mwezi wa kwanza hakufungua meza yake. Mtaji umekwenda kwenye nauli, chakula, vipimo na chumba cha kulala karibu na hospitali. Wiki ya tano anaambiwa chembe hazionekani. Anarudi kwake na mtoto anayetembea mwenyewe, kanisani anaitwa mbele, watu wanapiga vigelegele. Kila alichokisema ni kweli: mtoto alikuwa karibu na kufa, leo anacheza. Wiki inayofuata tarehe ya kliniki inagongana na siku ya mzigo. Atamwambia nini mchungaji, atamwambia nini mume, akisema anahitaji nauli tena kwa mtoto aliyekwisha kutolewa ushuhuda?

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Katika lukemia hata kovu halionekani, kwa hiyo ni rahisi zaidi kudanganyika. Tiba ikikatizwa hapo, ugonjwa hurudi, na ukirudi huwa mgumu kutibika kuliko mara ya kwanza. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, nchini Kenya, uliwahi kuonyesha kwamba kuacha tiba njiani kulikuwa sababu kubwa ya watoto wenye saratani kupotea, hasa wale ambao familia zao hazikuwa na bima.

Somo lililogharimu watoto

Madaktari wenyewe walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1948 Dk. Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza matokeo ya dawa iliyoitwa aminopterini kwa watoto 16 wenye lukemia kali. Kumi kati yao walipata nafuu. Kabla ya hapo ugonjwa huo ulimaliza mtoto kwa wiki au miezi, na hakuna dawa iliyokuwa imewahi kuurudisha nyuma namna hiyo. Wazazi waliowaona watoto wao wakiinuka kitandani walikuwa na kila sababu ya kuamini yamekwisha. Lakini nafuu ile ilikuwa ya muda, ugonjwa ulirudi.

Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika historia hiyo. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina hiyo hiyo. Akaandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona uvimbe huo. Saratani hiyo ya chembe za limfu, jamaa wa karibu wa lukemia, leo inabeba jina lake. Burkitt alikuwa Mkristo wa sala za kila siku, na hakuona aibu kusema kwamba kazi yake ya udaktari ilikuwa wito.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya daktari kijana John Ziegler. Tiba ilikuwa ya majaribio: dawa hii kwa kundi hili, dawa ile na ile kwa kundi lingine, kisha kulinganisha. Wazazi waliotoka vijijini na watoto waliovimba mataya hawakuwa na ahadi yoyote ila kwamba bila dawa mtoto angekufa. Na kituo hakikungoja warudi wenyewe. Wahudumu waliwafuata wagonjwa hadi majumbani ili kujua nani yu hai, nani ugonjwa umemrudia.

Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, Dk. Charles Olweny, Mganda, alishika usukani na kazi ikaendelea. Kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua kuwa kituo chake cha umahiri wa saratani. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, miongoni mwa tuzo kubwa za tiba Marekani, ilikwenda kwa kundi la watafiti wa dawa za saratani. Ndani ya orodha hiyo walikuwamo Burkitt na Ziegler wa Kampala, V. Anomah Ngu wa Kameruni, na Donald Pinkel wa Memphis.

Nadhiri ya Memphis

Pinkel alifanya kazi katika hospitali iliyozaliwa na nadhiri. Danny Thomas, mchekeshaji wa Marekani mwenye asili ya Lebanoni, alipokuwa kijana asiye na kazi ya uhakika alimwomba Mtakatifu Yuda Thadei, ambaye Wakatoliki humkimbilia katika mambo yaliyokatiwa tamaa, amwonyeshe njia, naye angemjengea mahali pa kumheshimu. Alipofanikiwa alitimiza. Hospitali ya watoto ya St. Jude ilifunguliwa mwaka 1962 katika mji wa Memphis, ikapokea weupe na weusi pamoja wakati ubaguzi ulikuwa bado sheria ya mitaa mingi ya kusini mwa Marekani, na hadi leo haitumi bili kwa wazazi.

Wakati huo, katika watoto 100 wenye lukemia ya limfu, walioishi walikuwa wanne hivi. Pinkel na wenzake waliunganisha dawa kadhaa kwa wakati mmoja, wakaufuata ugonjwa hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na wakakataa kusimamisha dawa mtoto alipoonekana mzima. Waliendelea kwa miaka. Wenzao wengi waliona kwamba kutamka neno kupona ni kuwadanganya wazazi. Kufikia jaribio lao la tano, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, nusu ya watoto walikuwa wanapona. Leo katika nchi tajiri wanapona zaidi ya wanane kati ya kumi.

Katika dawa walizotumia imo vinkristini, inayotokana na ua la asili ya Madagaska, lile la waridi hafifu linalopandwa hata kwenye bustani za miji yetu. Mzazi anayeambiwa kwamba dawa za hospitali ni kemikali za kizungu na mitishamba ndiyo ya kwetu, akumbuke hilo. Tofauti ni kwamba dawa ya ua hili imechujwa, imepimwa, na inajulikana kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua.

Watoto wawili wa Philadelphia

Familia iliyosimulia kwa uwazi zaidi imani yake katikati ya tiba ya majaribio ya lukemia ni ya Tom na Kari Whitehead, wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Binti yao Emily aligunduliwa ugonjwa mwaka 2010 akiwa na miaka mitano. Alipata nafuu, ugonjwa ukarudi. Ukatulizwa, ukarudi tena. Wazazi walitafuta rai ya hospitali ya pili, na Aprili 2012 wakakubali jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kwa mtoto yeyote.

Katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, madaktari walichukua chembe za kinga kutoka kwenye damu ya Emily. Katika maabara wakaziingizia maelekezo mapya ya kuitambua saratani, na kibebeo cha maelekezo hayo kilikuwa kirusi kilichotengenezwa kutokana na HIV baada ya kuondolewa uwezo wa kuambukiza ugonjwa. Kisha wakamrudishia chembe hizo. Homa ilipanda mno, mapafu na shinikizo la damu vikayumba, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Vipimo vilionyesha protini moja ya mwili imezidi kupita kiasi. Mtafiti Carl June aliifahamu dawa inayoizuia protini hiyo kwa sababu binti yake mwenyewe ana ugonjwa wa viungo. Ilikuwa dawa ya viungo, tosilizumabu. Emily alipewa, homa ikashuka. Aliamka siku aliyotimiza miaka saba.

Kitabu walichoandika wazazi wake, Praying for Emily, kilitoka mwaka 2020. Jina lake lenyewe linaeleza walivyoishi: watu wa makanisa na mitaa waliwaombea, nao hawakutoka kando ya kitanda. Ukiwasikiliza, hawawezi kutenganisha sala na dawa ya viungo iliyofika wakati wake. Mwaka 2022 Emily alitimiza miaka kumi bila saratani.

Hiyo ndiyo nusu ya habari inayosimuliwa zaidi. Ripoti ya kitaalamu iliyotoka mwaka 2013 ilikuwa ya watoto wawili. Wa pili naye alipata nafuu, kisha takriban miezi miwili baadaye ugonjwa ulirudi ukiwa umebadilika, chembe zake hazina tena alama ambayo kinga mpya ilifundishwa kuitafuta. Hakuna mwenye haki ya kusema kwamba mtoto huyo alipendwa kidogo au aliombewa kidogo. Anayepima imani ya mzazi kwa matokeo ya kipimo cha damu humuumiza mzazi mara mbili. Kinachoweza kuonekana cha imani ni kile inachomwezesha mzazi kufanya: kuuliza, kukubali hatari akijua ni hatari, na kubaki.

Tiba hiyo ilipata kibali Marekani Agosti 2017 kwa bei ya dola 475,000. Kwa familia nyingi za ukanda huu haiko karibu. Lakini dawa za zamani, zile za Pinkel, ziko karibu zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Kutoka Kayonza hadi Burera

Rwanda haikuanza jana kuweka sala na sindano chini ya paa moja. Huko Gahini, mashariki mwa nchi, katika ilipo sasa Wilaya ya Kayonza, daktari Mwingereza Joe Church alifanya kazi katika hospitali ya misheni tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Uamsho uliowaka miongoni mwa watumishi wa Gahini miaka ya 1930, ukihusishwa na majina ya Waganda Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi, ulivuka mipaka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole wanaojulikana kila soko la Afrika Mashariki wana mzizi wao kwenye uwanja wa hospitali.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Kayonza, Hospitali ya Rwinkwavu, shirika la Partners In Health, linalojulikana Rwanda kama Inshuti Mu Buzima, lilianza kazi mwaka 2005. Msichana mmoja aliletwa na uvimbe mkubwa wa saratani usoni. Nchi haikuwa na kituo cha saratani. Dk. Sara Stulac, daktari wa watoto, alimtibu kwa maelekezo ya wataalamu wa Marekani yaliyofika kwa barua pepe, na baadaye akafanyiwa upasuaji. Alipona. Baba yake hakuwa na uhakika wowote kuliko wazazi wa Philadelphia.

Julai 2012 kituo cha saratani kilifunguliwa katika Hospitali ya Butaro, Wilaya ya Burera, milimani kaskazini karibu na mpaka wa Uganda, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, shirika hilo na hospitali ya Dana-Farber ya Boston, taasisi inayobeba jina la yule Farber wa mwaka 1948. Mwanzilishi mwenza wa Partners In Health, Dk. Paul Farmer, Mkatoliki aliyepata msukumo katika mafundisho ya kanisa ya kuwatanguliza maskini, alifia huko huko Butaro Februari 2022.

Ukweli wa Butaro lazima uelezwe bila kupaka rangi. Wagonjwa wa kwanza wa lukemia ya limfu walipewa tiba iliyopunguzwa makali kwa makusudi, kwa sababu dawa kali hushusha kinga, na hospitali isiyo na chumba cha uangalizi mahututi wala akiba ya kutosha ya chembe za kugandisha damu ingeweza kuua mtoto kwa dawa kabla ya ugonjwa. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2018 ilionyesha kuwa walio wengi walifariki na sehemu ndogo ilibaki bila ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 lilizindua mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030.

Pengo hilo lina sababu nyingi: kuchelewa kufika, dawa kukosekana, damu kukosekana. Familia haiwezi kuziondoa zote. Kuacha tiba ndiyo sababu iliyo karibu zaidi na mikono yake, na ya watu wanaoizunguka.

Ya kuuliza kabla ya kuvuka

Mfanyabiashara hupanga safari kwa hesabu, na tiba ya miaka miwili au mitatu inahitaji hesabu ya namna hiyo. Siku ya kwanza amwombe daktari ratiba nzima kwa maandishi, si ya mwezi huu tu, na aulize ni siku zipi lazima mtoto awe hospitali na zipi anameza dawa nyumbani. Aulize ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msaada wa nauli na chakula. Asidhani kwamba Mutuelle ya Rwanda, au bima ya kwao, itamlipia upande wa pili wa mpaka; aulize kabla hajauza mzigo kwa bei ya kutupa. Na aulize kama sehemu ya tiba inaweza kuendelea katika hospitali iliyo karibu na kwao: Uganda ipo taasisi ya Mulago, Tanzania ipo Muhimbili, Kenya ipo Eldoret.

Avuke na cheti cha daktari pamoja na vidonge katika pakiti yake. Vinkristini si dawa ya kubeba kwenye mkoba. Huhitaji ubaridi na mikono ya hospitali. Na homa ya mtoto aliye kwenye dawa hizi haingoji asubuhi wala kufungwa kwa soko. Kinga yake iko chini, na maambukizi huweza kumwondoa kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, mkesha wenye umati si mahali pake wakati kinga iko chini. Waombaji wachache waliokwisha kunawa mikono waje nyumbani. Maji ya baraka yakichemshwa hayapungukiwi baraka. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, iwe Ramadhani au Kwaresma, na mtoto anayemeza dawa kila siku ni wa kwanza katika ruhusa hiyo. Dawa ya mitishamba isichanganywe kimya kimya. Daktari aambiwe, hata kama mzazi anaona haya.

Kama kuna tiba ya majaribio, mzazi ana haki ya kujua. Utafiti halali kwa binadamu nchini Rwanda hupitia kamati ya maadili. Huja na karatasi ya ridhaa katika lugha anayoielewa mzazi, ikitaja kinachojulikana, kisichojulikana na madhara. Anaweza kukataa, au kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Mtu anayedai fedha taslimu kwa dawa asiyotaka kuitaja jina, akiahidi kupona bila shaka, haleti utafiti. Burkitt hakuahidi hivyo, wala Pinkel.

Viongozi wa dini nao wana neno ambalo daktari hana. Mchungaji, padri au shehe akisema mbele ya watu kwamba sindano ya mgongoni ni sehemu ya majibu ya sala zao, maneno hayo hufika mahali ambapo kipeperushi cha hospitali hakifiki. Na kama familia inataka kushukuru wiki ya tano, ishukuru. Nafuu ni jambo kubwa. Shukrani hiyo itangazwe pamoja na tarehe ya kliniki inayofuata.

Michango ya jamii zetu huja kwa wingi siku za mwanzo, halafu hukauka. Mtoto wa lukemia huhitaji nauli mwezi wa kwanza, na huihitaji vilevile mwezi wa kumi na nane, anapokuwa darasani na wenzake, amenenepa, na hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuugua. Kikundi cha akina mama wa sokoni au jumuiya ndogo ndogo ya kanisa inayoweka daftari la nauli hadi kidonge cha mwisho inaweza kumwokoa mtoto ambaye vigelegele peke yake visingemfikisha.